Mwalimu mmoja, watoto tisini: tuajiri wasaidizi, lakini wenye sifa

Wadau, leo tuanze na hesabu kidogo. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Darasa likiwa na watoto 90, na mwalimu asipoteze hata sekunde moja kuita majina, kuamua ugomvi wa penseli au kufuta ubao, kila mtoto anapata sekunde 20. Ishirini tu! Ndani ya sekunde hizo mwalimu amsikilize mtoto akisoma, agundue kwamba anachanganya "b" na "d", amwelekeze, kisha amsikilize tena. Haiwezekani. Hata angeshushwa malaika kutoka mbinguni akapewa chaki, haiwezekani.

Na hiyo 90 sikuitunga ili mshtuke. Kiwango cha serikali yetu ni mwalimu mmoja kwa watoto 45 shule ya msingi, na watoto 25 kwa darasa la awali. Lakini nani kati yenu aliyewahi kupita shule ya serikali pembezoni mwa Dar, au kule Kanda ya Ziwa, akakuta darasa la kwanza lina watoto 45? Mwaka 2002 wakati wa MMEM tulifuta ada, watoto wakafurika. Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, tukafuta ada na michango ya lazima, watoto wakafurika tena. Ni jambo jema kabisa na sitaki mtu aje hapa kusema turudishe ada. Ila tulifungua mlango wa mbele bila kuandaa watu wa kuwapokea wageni.

Hoja yangu ni hii. Serikali iajiri wasaidizi wa walimu kwa ajili ya darasa la awali, la kwanza na la pili, ikianza na shule zenye watoto wa kaya maskini zaidi. Wawe watu wenye sifa zilizoandikwa. Walipwe mshahara. Wakae na vikundi vidogo vya watoto waliobaki nyuma, chini ya uangalizi wa mwalimu mwenye darasa. Basi.

Najua wengine mmeshaanza kuguna: "Huyu dogo anaturudisha kwenye UPE na vodafasta." Tulieni, nitafika huko.

WENYE NACHO WANAYE TAYARI

Kwanza niwaulize nyie wenzangu wa mjini mlio na watoto, au mnaolipia wadogo zenu na wapwa zenu. Ile shule ya "English medium" unayoilipia kwa mbinde kila muhula, darasa la chekechea lina watu wazima wangapi? Wengi mtaniambia wawili. Kuna mwalimu, na kuna msaidizi. Watoto 25, watu wazima wawili. Mtoto akishindwa kushika penseli, kuna mtu wa kuchuchumaa pembeni yake. Jioni akirudi nyumbani yuko mama aliyesoma, yupo na mwalimu wa twisheni.

Sasa mtoto wa mama ntilie wa Mbagala, au wa mfugaji wa Meatu, ambaye nyumbani hakuna kitabu hata kimoja wala mtu wa kumsomea, yeye ndiye tunayempa sekunde 20. Yaani anayehitaji msaada zaidi ndiye anayepata kidogo zaidi. Halafu miaka saba baadaye tunashangaa matokeo, tunasema "watoto wa siku hizi hawasomi".

Mwaka 2010 Uwezo walipofanya tathmini yao ya kwanza nchini, walikuta watoto kama watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wanaoweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ile taarifa ilitikisa nchi. Kuanzia 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa ukajikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hatua nzuri. Lakini mtaala hausikilizi mtoto akisoma. Mtu ndiye anayesikiliza.

Kuna na suala la lugha, ambalo sisi wa mjini tunalisahau. Wewe uliyekulia Ilala ulifika shule Kiswahili ukiwa nacho mdomoni. Kuna mtoto anafika darasa la kwanza akijua Kisukuma peke yake, au Kimaasai, au Kigogo. Mwalimu amepangiwa kutoka mkoa mwingine, hajui neno la lugha hiyo. Mtoto anakaa miezi akitazama midomo ya mwalimu kama anayetazama sinema isiyo na sauti. Anaitwa mzito wa kuelewa, kumbe hajaelewa hata alichoulizwa. Mtu wa hapo hapo kijijini, aliyesoma na anayejua lugha zote mbili, anaweza kumvusha mtoto huyu ndani ya muhula mmoja.

Hili tumewahi kulijaribu. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kuanza mwaka 2014 katika mikoa iliyokuwa nyuma kielimu kama Simiyu, Shinyanga, Kigoma na Lindi, ulikuwa na kitu kinaitwa Utayari wa Shule. Watoto ambao hawakupata darasa la awali walikusanywa kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza la kwanza, wakafundishwa kwa hadithi, nyimbo na michezo. Nani aliwafundisha? Wasaidizi kutoka jamii ile ile, waliopewa mafunzo mafupi. Tatizo ni lile lile la miradi yote: ulikuwa mradi. Mfadhili akiondoka, na msaidizi anaondoka.

WAMAREKANI WALIANZAJE

Nchi iliyofika mbali na jambo hili ni Marekani. Aprili 1965 Rais Lyndon Johnson alisaini sheria ya elimu ya msingi na sekondari, ambayo sehemu yake ya kwanza ilipeleka fedha za serikali kuu kwenye shule zenye watoto wengi wa familia maskini. Kwa fedha hizo shule ziliajiri wasaidizi wa darasani kwa maelfu. Wengi walikuwa akina mama wa mitaa ile ile ya kimaskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliokuwa na watoto wao kwenye shule hizo hizo. Wenyewe wakifupisha wanawaita "para".

New York kuna kisa kinachonifurahisha. Wasaidizi hao walipigia kura kujiunga na chama cha walimu, na mwaka 1970 wakapata mkataba wao wa kwanza. Mkataba ule uliwapandishia mshahara zaidi ya mara mbili, na zaidi ya hapo ukawapa nafasi ya kusoma chuo huku wakiendelea na kazi. Maelfu yao wakaja kuwa walimu kamili. Mama aliyeingia darasani kusaidia watoto kufunga viatu akatoka na digrii ya ualimu. Hiyo ndiyo maana ya ngazi: unapanda.

Lakini si kila kitu kilikuwa shwari. Miaka ilivyokwenda, shule nyingi zilizoishiwa na walimu zikaanza kuwaachia wasaidizi madarasa. Ikawa watoto maskini ndio wanaofundishwa na watu wenye elimu ndogo kuliko wote jengoni. Ndipo Januari 2002 Rais George W. Bush aliposaini sheria mpya iliyoweka masharti. Kila msaidizi anayefundisha kwa fedha za watoto maskini awe amemaliza sekondari, na juu ya hapo achague moja: awe amesoma chuo walau miaka miwili, awe na shahada ndogo ya miaka miwili, au afaulu mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu na wa jinsi ya kumsaidia mtoto katika mambo hayo. Wapya walibanwa siku ile ile. Waliokuwa kazini walipewa miaka michache wajiweke sawa.

Sheria ile ikasema na jingine ambalo nalipenda zaidi. Iliorodhesha kazi zao: kumfundisha mtoto mmoja mmoja, kusaidia kuweka utulivu darasani, kusaidia maktaba na maabara ya kompyuta, kuwa kiungo na wazazi, kutafsiri lugha. Na ikasema wazi kwamba msaidizi hafundishi isipokuwa chini ya usimamizi wa karibu wa mwalimu. Sheria ya 2002 ilibadilishwa Desemba 2015 chini ya Rais Obama, na mengi yaliyolalamikiwa yakatupwa, lakini masharti ya sifa za wasaidizi yakabaki.

UKIMWEKA TU, HAKUNA KITU

Sasa nije kwenye upande ambao wapenda hoja hii huwa wanaukwepa. Kuna ushahidi mzito kwamba kumweka msaidizi darasani bila mpango hakusaidii chochote.

Jimbo la Tennessee, kati ya 1985 na 1989, lilifanya jaribio ambalo wataalamu wa elimu wanalitaja mpaka leo. Shule 79, watoto zaidi ya elfu kumi na moja, kuanzia chekechea hadi darasa la tatu, waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza madarasa madogo ya watoto 13 hadi 17. La pili madarasa ya kawaida ya watoto 22 hadi 25. La tatu ya kawaida pia, ila yana msaidizi wa kudumu. Matokeo? Madarasa madogo yaliwapita wengine waziwazi, na watoto maskini na weusi walinufaika zaidi. Madarasa yenye wasaidizi yalikuwa karibu sawa na yale yasiyo nao. Wasaidizi wale hawakupewa kazi maalumu. Walikuwepo tu.

Uingereza nako, baada ya serikali kuongeza wasaidizi kwa wingi kuanzia 2003, watafiti wa Institute of Education ya London wakiongozwa na Peter Blatchford walifuatilia jambo hili kwa miaka. Mwaka 2009 wakatoa jibu lililowauma wengi: watoto waliopewa msaidizi kwa muda mrefu zaidi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao waliofanana nao. Kwa nini? Msaidizi alikuwa amegeuka ukuta kati ya mtoto na mwalimu. Mwalimu anaendelea na wale wanaoelewa, wagumu anaachiwa msaidizi pembeni. Na msaidizi, kwa kuwa hakufundishwa, anamtafunia mtoto jibu ili kazi iishe. Watafiti hao hao walisisitiza kwamba kosa halikuwa la wasaidizi wenyewe, lilikuwa la jinsi walivyotumiwa.

Upande wa pili wa shilingi uko India. Shirika la Pratham, katika miji ya Mumbai na Vadodara, lilichukua mabinti wa mitaani waliomaliza sekondari, likawapa mafunzo ya wiki mbili na mafunzo mengine njiani. Waliitwa balsakhi, rafiki wa mtoto. Kila siku balsakhi alichukua watoto 15 hadi 20 wa darasa la tatu na la nne walioshindwa kusoma au kuhesabu, akakaa nao saa mbili akianzia pale pale walipokwama, kisha akawarudisha darasani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ambao kati ya waandishi wake wamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo (hao hao waliochukua Nobel ya uchumi 2019), ulionyesha alama zikipanda, mwaka wa pili zaidi ya wa kwanza. Na waliopanda hasa ni wale waliokuwa mkiani.

Mnaona tofauti? Tennessee msaidizi alikuwepo, kazi yake haikuwepo. India kazi ilikuwepo: kikundi hiki, saa hizi, somo hili, lengo hili.

JIRANI ZETU WAMETUPA SOMO LA BURE

Kenya tusiipite hivi hivi. Mwaka 2005, magharibi mwa nchi hiyo, shule 140 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza kwa mkataba, chini ya kamati ya shule. Darasa lililokuwa na watoto zaidi ya 80 likagawanywa mara mbili. Watoto waliofundishwa na walimu wa mkataba walifanya vizuri. Serikali ikavutiwa, ikaamua kufanya nchi nzima. Watafiti wengine wakapima: pale shirika lisilo la kiserikali liliposimamia, watoto walinufaika. Pale serikali ilipoendesha mpango ule ule, faida ilikuwa sifuri. Mishahara ilichelewa, ufuatiliaji ulikuwa hafifu, na mvutano na chama cha walimu ukaingia katikati.

Halafu juzi hapa, 2024, walimu wa mafunzo kazini wa sekondari ya chini, wapatao elfu arobaini na sita, waliingia mtaani. Walikuwa walimu waliosoma na kusajiliwa, wakifanya kazi yote ya mwalimu, kwa shilingi za Kenya 20,000 kwa mwezi. Mahakama ya Ajira ikasema Aprili mwaka huo kwamba kuwaajiri walimu kamili kwa jina la wanafunzi wa kazi ni kukiuka haki zao. Kumbe ukitumia jina dogo kumlipa mtu kidogo kwa kazi kubwa, siku moja litakurudia.

Na hapa ndipo nijibu lile guno la mwanzo. UPE ilikuwa nini? Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Walimu hawakuwepo, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huku wanafundisha, kwa posta na redio. Zaidi ya elfu arobaini walipatikana kwa njia hiyo. Nawaheshimu wazee wale, wengi walifanya kazi ya kujitoa kweli kweli, na baadhi yenu mmesomeshwa nao. Vodafasta nayo, miaka ya 2006 na 2007, shule za kata zilipochipuka kila kona: kijana katoka kidato cha sita, kapewa mafunzo ya wiki chache, kaingia darasani, haraka kama vocha inavyoingia kwenye simu.

Kosa la mipango yote miwili ni moja. Mtu asiyeandaliwa alipewa darasa zima peke yake na kuitwa mwalimu. Ninachosema mimi ni kinyume chake. Msaidizi asipewe darasa, asiitwe mwalimu, asihesabiwe kwenye uwiano wa walimu na wanafunzi. Siku afisa elimu atakapoandika kwenye taarifa kwamba shule ina walimu sita, na wawili kati yao ni wasaidizi, siku hiyo tumerudi vodafasta.

NA WALIMU WALIOKO MTAANI JE?

Hili swali ni zito na wanaouliza wana haki ya kuuliza. Mapema 2025 tuliambiwa na serikali kwamba watu zaidi ya laki mbili waliomba nafasi za ualimu zisizofika elfu kumi na tano. Wamesoma, wana vyeti, wengine wamemaliza tangu 2015, wanaendesha bodaboda au wamerudi kulima. Unawezaje kuzungumzia wasaidizi mbele ya watu hawa?

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, hao ni walimu, waajiriwe kama walimu. Hakuna mbadala wa hilo, na Tennessee imetuonyesha kwamba kupunguza darasa kwa kuongeza mwalimu kunashinda kuongeza msaidizi. Kama hazina ina uwezo wa kimoja tu, nitachagua mwalimu. Tena mwaka 2027, kwa mujibu wa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, darasa la sita na la saba watamaliza shule ya msingi pamoja, na wote wanatakiwa kuendelea sekondari. Hapo kutakuwa na njaa kubwa ya walimu sekondari, na naogopa madarasa ya chini ndiyo yatakayokatwa kwanza kama kawaida yetu.

Pili, msaidizi anafanya kazi ambayo mwalimu aliyepangiwa kutoka mbali mara nyingi hawezi kuifanya. Anajua lugha ya nyumbani. Anajua kwamba fulani hakuja shule leo kwa sababu mama yake kajifungua. Hana mpango wa kuomba uhamisho, maana hapo ndipo kwao. Na kama kuna mwalimu asiye na ajira anayetaka nafasi hiyo kijijini kwao, apewe, ila miaka yake ihesabiwe na imtangulize mstari wa ajira. Tusimtumie kufundisha darasa zima kwa posho ya msaidizi. Yaliyotokea Kenya yatutoshe.

TUFANYEJE BASI

Nisije nikaonekana mlalamishi tu. Mimi ningefanya hivi.

1. Sifa ziandikwe. Walau kidato cha nne na ufaulu wa Kiswahili na Hisabati, kisha mtihani mfupi wa kusoma kwa sauti, kuandika na kuhesabu, na wa kukaa na mtoto halisi anayeshindwa kusoma tuone atafanyaje. Asajiliwe. Tunayo Bodi ya Kitaalamu ya Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, iwape daftari lao. Na anayefanya kazi na watoto achunguzwe mwenendo wake kwanza. Hili halina mjadala.

2. Kazi iandikwe ukurasa mmoja, ibandikwe ofisini kwa mwalimu mkuu. Vikundi vya watoto wasiozidi 15, saa fulani, kwa mpango aliopewa na mwalimu. Kwenye shule zenye watoto wenye ulemavu, msaidizi afundishwe hasa mahitaji ya watoto wale. Asitumwe kuchota maji, kupika chai ya walimu wala kusahihisha madaftari ya darasa la saba.

3. Mwalimu na msaidizi wapewe muda wa kupanga pamoja, hata nusu saa kwa siku baada ya watoto wa chini kuondoka. Bila hapo tutarudia ya Uingereza.

4. Alipwe na serikali kuu, kwa wakati. Msiniambie italipa shule kwenye ruzuku yake. Enzi za MMEM ruzuku ilipangwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Piga hesabu: watoto 90 ni 900,000 kwa mwaka, ambayo ni 75,000 kwa mwezi hata shule isiponunua chaki moja. Na msiniambie walipe wazazi. Wazazi wa shule maskini wakichangishwa, mwalimu wa kujitolea analipwa mwezi wa mavuno na kukopwa miezi mingine yote, na mtoto ambaye kwao hawakuchanga anaijua aibu yake.

5. Tuanzie kwenye shida. TASAF imeshafanya kazi ya kutambua kaya maskini kijiji kwa kijiji. Tumia orodha hiyo. Shule zenye watoto wengi wa kaya hizo na msongamano mkubwa darasa la kwanza ziwe za kwanza, na siyo zilizo karibu na barabara ya lami ambako mgeni rasmi anafika bila kuchafua viatu.

6. Ngazi iwepo. Msaidizi akifanya kazi vizuri miaka mitatu, apate nafasi chuo cha ualimu kwa masomo ya likizo. Binti wa Itilima aliyesaidia watoto kusoma kwa Kisukuma na Kiswahili atakuwa mwalimu bora kuliko wengi, na hatahitaji kubembelezwa akae Itilima.

7. Wapimwe watoto. Mwanzo wa mwaka, mwisho wa mwaka: nani anasoma, nani hasomi. Baada ya miaka miwili tukiona hakuna tofauti, tubadilishe au tufute. Nitakuwa wa kwanza kuandika kwamba ifutwe.

Chama cha Walimu wataogopa kwamba mlango huu utatumika kuleta walimu wa bei poa. Woga wao una msingi, na ndiyo maana nataka mipaka iwekwe kwenye sheria, waraka peke yake hautoshi. New York wasaidizi walilindwa walipoingia ndani ya chama cha walimu. CWT wangeweza kuwafungulia mlango, wawe nao badala ya kuwa dhidi yao.

Kuna watakaosema tunaweka viraka. Sawa, ni kiraka. Lakini mtoto aliye darasa la kwanza mwaka huu hatasubiri tujenge madarasa yote na kuajiri walimu wote tunaowahitaji. Ana miaka sita au saba, na dirisha lake la kujifunza kusoma ni sasa. Akifika la tatu hajui kusoma, masomo yote yanayofuata yanakuwa kelele kwake. Atakaa nyuma ya darasa kimya mpaka amalize, au atakimbia. Sote tunawajua waliosoma nasi wakamaliza la saba hivyo hivyo, leo wakipewa fomu benki wanasema wamesahau miwani.

Jumamosi ikikupa nafasi, nenda shule ya msingi ya serikali iliyo karibu nawe, omba kuona rejista ya darasa la kwanza, uhesabu majina. Kisha ugawe sekunde 1,800 kwa idadi hiyo. Ukishapata jibu lako, liandike hapo chini pamoja na jina la wilaya, na kama una hoja ya kunipinga ilete pia. Nitazikusanya zote na kuziandikia makala nyingine.

Nawasilisha.